Gramu Themanini na Nne

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili asije mtu akanipamba kwa sifa zisizo zangu. Naogopa mbwa, naogopa lifti, naogopa daktari wa meno, na msituni sikuwahi kuingia zaidi ya pale ambapo ukigeuka bado unaiona barabara. Kitu kimoja tu nilikuwa sikiogopi, nacho ni kisu, kwa sababu nimetengeneza visu kwa miaka ishirini na sita. Halafu ikaja wiki moja nikaogopa kisu kuliko mbwa wote niliowahi kuwakimbia, na kisu chenyewe nilikitengeneza mimi.

Karakana yangu ni chumba kimoja nyuma ya nyumba yetu. Upande wa kushoto kuna meza ya moto, katikati jiliwa la kubania chuma na keekee ya umeme ya kutobolea, na upande wa kulia, penye dirisha kubwa, anakaa mke wangu na cherehani yake. Mimi natengeneza visu, yeye anashona ala za ngozi. Wateja wanavisifu visu vyangu, kisha wananunua kwa sababu ya ala. Nimeshazoea.

Jumatatu alikuja mdogo wangu wa kike. Sote tunamwita Mizani. Anafanya kazi katika duka la dawa, na tangu aanze mambo yake ya kupanda vilima na kulala kwenye hema, hakuna kitu kinachoingia kwenye begi lake bila kupimwa. Mswaki wake ameukata mpini, umebaki kama kidole gumba. Kitabu cha kusoma njiani huwa anachana kurasa alizokwisha kuzisoma, ati haoni sababu ya kubeba hadithi anayoijua. Siku hiyo alikuja na mizani ya jikoni kwapani, akaiweka juu ya meza yangu ya kazi bila hata hodi.

"Kaka, nataka kisu. Alhamisi naingia msituni na Miwani, siku nne."

Miwani ni rafiki yake wa kazini, mtu mpole ambaye bila miwani yake hawezi kutofautisha mti na askari.

"Si una kile cha kukunja?"

"Kimelegea kwenye kiungo. Nataka kisichokunjwa."

Hapo alisema maneno ya maana, nikafurahi. Kisu cha kukunja kina kiungo, na kiungo ndicho cha kwanza kumsaliti mtu. Kisu kisichokunjwa ni chuma kimoja toka kwenye ncha mpaka nyuma. Kile kipande cha chuma kinachoingia ndani ya mpini sisi mafundi tunakiita mkia. Anayejua kuchagua kisu hatazami makali, maana makali hata ukinunua butu unanoa. Anauliza mkia unafika wapi.

Nikamwekea vitatu. Cha kwanza kilikuwa na mgongo mnene, mkia mzima, mpini wa mti mgumu, gramu mia mbili na kumi. Cha pili kilikuwa na umbo lile lile lakini chembamba zaidi, gramu mia moja thelathini na nane. Cha tatu kilikuwa na gramu sabini tu, ila mkia wake ulikuwa unaishia katikati ya mpini.

Alivipima vyote mara mbili, kana kwamba chuma changu kingeweza kumdanganya.

"Hiki cha kwanza ni kizito kama nasaha zako," akasema.

Mke wangu akacheka kule kwenye cherehani. "Wifi, usinichekeshe, nitajidunga sindano."

"Nachukua hiki cha sabini."

"Hicho ni cha kumenyea machungwa," nikamwambia. "Ukikigonga kwenye kuni, mkia utakatika. Utabaki na mpini mkononi na ubapa umesimama kwenye paja lako. Huko kwenu msituni nani atakuziba damu? Miwani?"

Kisha nikamkumbusha habari za mwalimu wangu wa kazi, ambaye mji mzima ulimwita Bwana Tisa. Hakuzaliwa na jina hilo. Alizaliwa na vidole kumi kama watu wengine, mpaka siku kisu chenye mkia mbovu kilipomkatikia mkononi.

Mizani aliisikiliza hadithi ile kwa mara ya mia. "Basi nipe hiki cha pili, lakini kishuke chini ya gramu tisini."

"Haiwezekani."

"Haiwezekani, au wewe huwezi? Nimeona kwenye simu, mafundi wengine wanatoboa matundu kwenye mkia na kuweka kamba badala ya mti."

Hapo ndipo aliponipata. Mtu anaweza kunitukana mimi, ukoo wangu na kichwa changu kinachoanza kupata upara, nisijali. Lakini usiniambie fundi mwingine anaweza.

"Mtoto akililia wembe, mpe," nikasema. "Njoo Jumatano."

Alipoondoka mke wangu alikata uzi kwa meno, akasema, "Mpe mtu kinachomfaa. Usimpe cha kumwonyesha kwamba unaweza." Nikajifanya sikusikia.

Jumanne nikaifanya ile kazi kwa hasira. Chuma kilichokwisha kukomazwa hakitobolewi. Inabidi uuchome mkia mpaka uwe mwekundu, halafu uuache upoe wenyewe, polepole, ndipo unalainika. Wakati unauchoma mkia, ubapa unakuwa umeufunga kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ili joto lisifike kwenye makali. Na hicho kitambaa sharti kikamuliwe sana. Hilo ndilo jambo la kwanza Bwana Tisa alilonifundisha, kabla hata hajaniruhusu kushika nyundo. Tone la maji likiangukia chuma chekundu, mahali hapo panakuwa pagumu kama kioo, na panavunjika kama kioo.

Sikukikamua vizuri. Nilikuwa bado nabishana na Mizani kichwani mwangu, namjibu majibu makali ambayo sikuyapata jana yake. Na kwa kuwa moto ulikwisha kuwaka, nikachukua visu vitatu vya namna ile nikavichoma mfululizo, kwa kitambaa kile kile. Nikasikia *chii*. Cha pili nacho, *chii*. Cha tatu vivyo hivyo. Masikio yangu ni mazima, nilisikia, nikajiambia ni mvuke tu. Nilipoanza kutoboa, kwenye tundu la kwanza, lile la karibu na ubapa, keekee ikapiga yowe na ncha yake ikawa butu. Chuma laini hakiifanyi keekee ipige yowe. Nikaweka ncha mpya, nikaegemea kwa uzito wangu wote, ikapita. Visu vitatu, matundu sita kwa kila mkia. Viwili nikavizungushia kamba nyembamba, ile ngumu ya kufungia hema, na cha tatu nikakitundika kwenye msumari hivyo hivyo, mkia wazi.

Jumatano Mizani alikiweka chake kwenye mizani ya jikoni, akapiga kelele ya furaha.

"Themanini na nne! Kaka, wewe ni bingwa."

Nikavimba kichwa. Nikamwonyesha tena namna ya kupasua kuni: unasimamisha ukuni, unaweka makali juu yake, unagonga mgongo wa kisu kwa kipande cha gogo. "Gonga bila woga," nikamwambia. Ndiyo, mimi, mwoga wa lifti, nilimwambia mtu agonge bila woga.

Jioni ile ile akaja mteja mwingine, mwalimu wa shule ya msingi, chaki ingali kwenye mkono wa shati lake. Alitaka kisu chepesi. Jumamosi, alisema, anaingia msituni na binti yake wa miaka tisa, walale usiku mmoja warudi, na ni mara ya kwanza kwa mtoto. Alikipenda kile kisu cha pili cha kamba mara tu alipokishika.

"Ni imara, fundi?"

"Mwalimu, hicho watakirithi wajukuu wako."

Mke wangu akamuuliza ala ishonwe kwa uzi wa rangi gani. Akasema nyekundu, binti yake anapenda nyekundu. Akashonewa papo hapo, akaondoka anapiga mluzi.

Alhamisi Mizani na Miwani waliingia msituni.

Ijumaa asubuhi, kwenye saa tatu, nilinyoosha mkono kuchukua tupa ukutani, kiwiko kikakigusa kile kisu cha tatu. Kikaanguka toka msumarini mpaka kwenye saruji, kimo cha mtu. Visu vyangu vimewahi kuangushwa toka kwenye ngazi, toka kwenye lori, kimoja toka juu ya paa. Hiki kilitoa mlio mwembamba kama wa kikombe, na nilipoinama kilikuwa vipande viwili. Kilikuwa kimekatikia kwenye tundu la kwanza. Nikakitazama pale kilipokatikia: chembechembe zinang'aa kama sukari. Chuma kizima hakina sukari.

Nilikaa chini palepale sakafuni.

"Umejikata?" mke wangu akauliza.

"Hapana."

"Mbona umekaa chini?"

"Mizani," nikasema, nikamwonyesha kisu kwa kidole.

Alikuja, akaokota vile vipande, akavitazama. Miaka ishirini na sita ya kukaa chumba kimoja na mimi, hakuhitaji kuelezwa. Akachukua simu yake na mimi yangu. Ya Mizani haipatikani. Ya Miwani haipatikani. Tukapiga tena na tena kama wajinga, kana kwamba minara ya simu ingetuonea huruma. Kwenye mlango wa friji kulikuwa na karatasi ya Mizani, maana kila safari hutuachia ratiba: Alhamisi, langoni mpaka kambi ya kijito. Ijumaa, tunashinda kambini. Jumamosi, tunapanda ukingoni.

Mke wangu akapiga simu langoni. Askari wa msitu alijibu kwa upole kwamba mwenzake wa doria ameenda upande wa pili, na yeye hawezi kuliacha lango. Mpaka kambi ya kijito ni saa tatu na nusu kwa miguu.

"Nakwenda," nikasema.

Hakucheka. Laiti angecheka ningeogopa kidogo tu. Alinijazia maji kwenye chupa, akaniwekea mkate kwenye mfuko, akanifunga kiunoni kile kisu cha gramu mia mbili na kumi.

"Si yeye aliyetaka chepesi?" nikafoka, huku navaa kofia ya pikipiki kinyumenyume. "Mimi nilimwambia! Hakunisikia!"

"Chepesi aliomba," akasema. "Chenye kuvunjika hakuomba."

Nikafika langoni. Askari alinifungulia daftari la wageni, nikaona mwandiko wa Mizani, mdogomdogo, wa kubana karatasi. Nikaweka sahihi yangu chini ya majina ya watu wa asubuhi ile. Askari alikuwa anavitazama viatu vyangu vyeusi vya ngozi.

"Mzee, hivyo si vya kwendea harusini?"

"Ndivyo vilivyokuwa mlangoni," nikamjibu, nikaingia.

Sitasema uongo kwamba msitu ni mzuri. Labda ni mzuri. Mimi niliona mizizi iliyojitokeza ili inikamate, na njia iliyojificha nyuma ya kila kona. Kila kilichochakarisha majani kilinipandisha moyo mpaka mdomoni. Ndege mmoja aliruka miguuni pangu nikalia "mama!" kwa sauti, mtu wa miaka hamsini na mmoja. Palipokuwa na gogo limelazwa juu ya korongo badala ya daraja, nilivuka kwa kukaa, nikijisukuma kwa matako kama mtoto anayejifunza kutambaa, macho nimeyafumba. Suruali ikachanika. Sikujali.

Lakini woga wa msitu ulikuwa mdogo. Woga mkubwa ulikuwa kichwani. Niliona ukuni umesimama. Niliona mkono wa Mizani wa kushoto umekamata mpini wangu wa kamba, wa kulia umeinua gogo. Anagonga bila woga. Ubapa unakatika, mkono uliokuwa unasukuma unateleza mbele na kukutana na kipande kinachobaki, au ubapa unaruka juu, kwenye shingo, kwenye jicho. Au unashuka pajani, ndani, penye ule mshipa ambao ukikatwa mtu hana muda. Bwana Tisa alipoteza kidole akiwa mjini, hospitali ipo mtaa wa pili. Nilihesabu: saa tatu na nusu kushuka na mtu anayevuja damu. Nikahesabu tena. Hesabu ile ile.

Kwenye jiwe moja la kupumzikia nikaona pamba. Kipande cha pamba nyeupe, na katikati yake damu iliyokauka.

Mizani hatupi taka. Anabeba hata maganda ya pipi. Kama pamba yake imeanguka asiione, basi aliyekuwa anafunga kidonda alikuwa na haraka, au alikuwa hana mkono wa pili. Nikaanza kukimbia. Viatu vya harusini vilinitelezesha mara mbili, mara ya pili nikaanguka kifudifudi na chupa ya maji ikabingirika ikapotelea bondeni. Niliomba. Sikuomba vizuri, niliomba kwa kufoka, kama ninavyoongea na wateja wabishi: mchukue kidole, basi, kimoja, hata viwili, lakini mwache. Kisha nikaogopa nilichokiomba, nikaomba kifutwe.

Ndipo nikasikia *ko*.

Kimya. Halafu *ko, ko*.

Sauti ile naijua kuliko sauti yangu. Ni mti unagonga mgongo wa kisu. Maana yake Mizani ni mzima. Maana yake, vilevile, sasa hivi, nikiwa nasikia, anakigonga.

Nikafungua mdomo kupiga kelele, nikaufunga. Sheria ya kwanza ya karakana yoyote: mwenye kisu mkononi hashtuliwi. Akishtuka, mkono unakwenda usikotaka. Nikasogea kwa kunyata, mikono nimeibana mdomoni ili hata pumzi isitoke.

Nilimwona kwa nyuma. Alikuwa amechuchumaa karibu na kijito, ukuni umesimama kati ya miguu yake miwili, kisu kimezama nusu. Miwani alikuwa kaketi kwenye jiwe, mguu mmoja hauna kiatu, kisigino kimefungwa pamba. Malengelenge. Ile damu yote niliyoikimbilia ilikuwa ya malengelenge ya Miwani! Lakini sikupata nafasi ya kushukuru, kwa sababu gogo lilikwenda juu. *Ko.*

Ilibidi nizunguke ili anione mwenyewe kwa mbele. Hatua kama ishirini. *Ko.* Nilikuwa naangalia pale kamba inapoanza, pale lilipo tundu la kwanza, nikikisihi chuma kama mtu: subiri, subiri kidogo, nakuja. *Ko.* Miwani akaniona, akakodoa macho. Nikaweka kidole mdomoni. *Ko.* Hatua ya kumi na nane Mizani akainua uso.

"Kaka?"

"Achia kisu," nikasema polepole. "Usikivute. Ondoa mkono tu, kibaki hapo."

Hajawahi kunitii maishani mwake. Siku hiyo alitii. Nadhani ni suruali iliyochanika, na uso wangu. Alifungua vidole kimoja kimoja, akasimama, akarudi nyuma.

Nikakichomoa kisu, nikafungua kamba, nikauweka mkia juu ya jiwe, na kwa lile gogo lake nikaugonga. Si kwa nguvu. Pigo la kwanza, kimya. La pili, ule mlio wa kikombe. Ubapa ukaruka, ukapita karibu na goti langu, ukaingia kijitoni. Sote watatu tuliyaangalia maji pale ulipozama.

"Jamani," Miwani akasema.

Mizani alikuwa ameshika mkono wake wa kushoto kwa mkono wake wa kulia. "Jana nimepasua nacho kuni zote," akasema. "Na asubuhi. Kaka, nilikuwa naegemea kabisa." Kisha akaanza kulia, na alipopata sauti akasema, "Ni mimi. Ulinikataza nikakulazimisha. Mimi na gramu zangu."

Naungama hapa: ilikuwa tamu. Nilikuwa nimechoka, nimechanika, nina kiu, na mbele yangu yuko mtu anayenipa haki yote bila kuiomba. Ningenyamaza tu. Ningeitikia kwa kichwa, kama kaka mkubwa.

"Si wewe," nikasema. "Matundu hayaui kisu. Ni kitambaa, sikukikamua. Maji yaliangukia chuma na nilisikia. Keekee nayo ikapiga yowe, nikasikia pia. Nilikuwa nina hasira na wewe, nikapuuza."

Nilitegemea matusi, na nilikuwa tayari kuyapokea. Lakini yeye ni mtu wa duka la dawa. Dawa mbovu ikirudi dukani, wao hawaanzi na lawama.

"Ulitengeneza vingapi siku ile?" akauliza.

"Vitatu."

"Hiki kimoja."

"Kimoja kilianguka leo, ndivyo nilivyojua."

"Na cha tatu?"

Niliiona chaki kwenye mkono wa shati. Nilisikia mluzi ukienda zake barabarani. Tangu saa tatu asubuhi nilikuwa nimeogopa kwa kila kiungo cha mwili wangu, na katika woga wote huo yule mwalimu hakunipitia kichwani hata mara moja. Nilikuwa nimemwogopea wangu tu.

"Kaka, cha tatu kiko wapi?"

"Kiko kwa mwalimu mmoja," nikasema. "Ana mtoto. Wanaingia hapa kesho."

Mizani alianza kukunja hema. Nilimpa kile kisu kizito abaki nacho, waendelee na safari yao, akakataa kwa kichwa. Tukashuka wote, Miwani akichechemea, na lile gogo la korongo nililivuka nimesimama, si kwa ushujaa, ila sikukumbuka kukaa.

Jina la mwalimu sikuwa nalo. Shule yake sikuijua. Mke wangu alikuwa amekwisha kuanza kumtafuta kabla hatujafika nyumbani. Yeye alimkumbuka mwalimu mara nilipotoka mlangoni, lakini kwenye pikipiki sikuisikia simu, na msituni ilikuwa haipatikani. Alipiga shule alizozijua, hakuna aliyemtambua, na kufika alasiri ofisi zote zilikuwa zimefungwa. Askari wa lango aliahidi kumzuia mwanamume yeyote mwenye mtoto. Lakini sikuweza kumwachia askari kazi yangu. Jumamosi kunapambazuka, kabla lango halijafunguliwa, mimi na mke wangu tulikuwa tumekwisha kusimama pale, yeye na themosi ya chai, mimi na macho barabarani.

Walipita vijana watano wakicheka. Alipita mzee mmoja na fimbo zake mbili. Kila gari lililopunguza mwendo nililikimbilia. Ilipofika saa moja na nusu nilianza kuamini kwamba mwalimu amebadili siku, au ameingia kwa njia ya panya, na kwamba kwa maisha yangu yote yaliyobaki nitakuwa nasikia *ko* kila nikilala.

Halafu nikaiona ala. Niliiona kabla ya kumwona mtu: ngozi mpya, uzi mwekundu. Haikuwa kiunoni mwa mwalimu. Ilikuwa kiunoni mwa mtoto.

"Fundi!" mwalimu akasema, mikono imejaa mablanketi. "Na wewe unaingia? Mwangalie mwenzako. Nimempa akibebe yeye, maana ni chepesi. Jana jioni nimemfundisha kupasua vijiti uani, hajambo kabisa."

Binti akasimama wima nimwone vizuri. Mkono wake mmoja ulikuwa juu ya mpini, kama askari.

Nilipiga magoti changaraweni ili nilingane naye. Nikanyoosha mkono, nikakichomoa kile kisu na ala yake, taratibu, nikampa mke wangu bila kugeuka nyuma.

"Ni changu," mtoto akasema.

"Najua, mama."

"Baba alinipa mimi!"

Akaanza kulia, kilio kile cha mtoto aliyeonewa mbele za watu, akainyoosha mikono yote miwili kuelekea kisu, vidole vimetanuka. Nilivihesabu. Vilikuwa kumi. Alililia kile kisu kwa nguvu zake zote pale langoni, na mimi sikumpa.